Masuali yenu ya sheria: ndugu kahukumiwa, tukate rufaa gani?

Assalamu alaykum wasomaji wetu wa Unguja na Pemba. Masuali ya mara hii karibu yote yamekuja juu ya jambo moja, mtu kahukumiwa na watu wa nyumbani hawajui waanzie wapi, basi nimeyaweka pamoja manake yanaingiliana na jibu la mmoja linamsaidia mwengine. Majina nimeyaondoa na baadhi ya mambo nimeyabadilisha ili mtu asitambulike mtaani kwake.

SUALI: Assalamu alaykum dada mwanasheria. Mdogo wangu kahukumiwa miaka saba Mahakama ya Mkoa kwa unyang'anyi, wanasema kamnyang'anya mtu simu na pesa usiku njiani akitoka kufunga duka. Yeye mpaka leo anakataa, na usiku ule mie najua alikuwa nyumbani. Ami yetu anasema tusishindane na mahakama, tukate rufaa ya kupunguziwa tu, tuombe huruma kwa vile ana watoto wadogo. Mie naona tukifanya hivyo ni kama tumekubali kuwa kaiba. Kwani rufaa ziko za aina ngapi na ipi inatufaa? Kurasa za mwenendo wa kesi nimekutumia kwa wasapu. (Dada yake, Wete)

JIBU: Waalaykum salaam dada yangu. Uliyoyaona wewe ndiyo yenyewe, na kwa heshima zote mwambie ami kuwa hapo asikazanie.

Hukumu ya jinai ina maamuzi mawili ndani yake. La kwanza hakimu anasema huyu katenda kosa, yaani anamtia hatiani. La pili anasema kwa kosa hilo adhabu yake ni hii. Rufaa inaweza kulipinga la kwanza, au la pili peke yake, au yote mawili. Ukipinga adhabu tu, jaji atakaa na kuhesabu kuwa kosa halina ubishi tena, kilichobaki ni miaka mingapi, na hapo hata kama ushahidi ulikuwa mbovu hakuna aliyemuomba autazame. Kwahiyo mdogo wako apinge yote mawili, sababu za mwanzo ziwe za kutiwa hatiani, alafu mwisho aseme ikiwa mahakama itaona kosa lipo basi adhabu ipunguzwe kwa sababu hizi na hizi. Hakuna sheria inayomkataza kufanya hivyo na haionekani kama kakubali kitu. Habari ya watoto wadogo ya ami inaingia hapo mwisho, si mwanzo.

Sasa nije kwenye kurasa ulizonitumia manake nimezisoma usiku kucha na kuna kitu sitaki mkiache. Shahidi wa kwanza, yule mwenye simu, anasema alimtambua mdogo wako kwa mwanga wa tochi. Mkigeuza ukurasa, pale anapoulizwa na mshtakiwa, anajibu kuwa tochi alikuwa nayo huyo mnyang'anyi na alimmulika yeye usoni. Hebu kaeni mfikiri, tochi ikimulikwa machoni mwako usiku wa kiza wewe unaona nini? Huyo mwenye tochi anakuona wewe vizuri sana, wewe unaona mwanga mkali na nyuma yake kiza. Hakimu kwenye hukumu kaandika "palikuwa na mwanga wa tochi" akapita, hakusema tochi ilikuwa mkononi mwa nani wala ilielekea wapi.

Hiyo ni hoja nzito. Tangu mwaka 1980 kwenye kesi ya mtu aitwae Waziri Amani, Mahakama ya Rufani ya Tanzania imesema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu na mahakama isiutegemee mpaka iondoe kila uwezekano wa kufananisha, na ikataja mambo ya kutazamwa, shahidi alimuona mtu kwa muda gani, akiwa umbali gani, mchana au usiku, mwanga ulikuwaje, na kama alikuwa akimjua kabla. Kesi hiyo ilitoka Bara lakini Mahakama ya Rufani ni moja kwa pande zote mbili, na majaji wetu huku wanaifuata. Pia angalieni shahidi alimtaja mdogo wako lini. Kwenye kurasa zako nimeona shahidi huyo alikwenda polisi asubuhi yake akasema kaibiwa na "mtu", jina limekuja siku nne mbele. Kumtaja mtu mapema kabisa, ile fursa ya mwanzo, ndiko kunakoipa nguvu kauli ya shahidi, na kuchelewa bila ya maelezo kunaitia shaka.

Hilo la kuwa wewe unajua alikuwa nyumbani, dada, nakwambia kwa upole lakini sifichi, halitosaidia sana sasa hivi kama hukulisema mahakamani wakati kesi inasikilizwa. Rufaa kwa kawaida inasikilizwa juu ya yaliyomo kwenye jalada. Ushahidi mpya unaweza kuombwa ila mahakama itauliza kwa nini haukuletwa mwanzo, na "hatukujua" peke yake haitoshi. Msiijenge rufaa juu ya hilo, ijengeni juu ya tochi.

Na msiogope kuwa jaji atasema hakimu keshaamua basi. Rufaa ya kwanza ni kama kesi kusikilizwa tena kwa kupitia maandishi, jaji wa Mahakama Kuu ana wajibu wa kuupima ushahidi wote mwenyewe na kufikia uamuzi wake, hilo limekuwa sheria Afrika Mashariki tangu kesi ya Pandya ya 1957. Akikubaliana na nyinyi anaweza kufuta hatia na mtu akaachiwa, au akaona kosa lililothibiti ni dogo zaidi akabadilisha, au akapunguza adhabu, au akaamuru kesi isikilizwe upya. Hili la kusikilizwa upya watu hulidhania ni ushindi lakini linamrudisha mtu mwanzo, na kesi ya Fatehali Manji ya 1966 inasema haliamriwi ili upande wa mashtaka upate nafasi ya kuziba matundu yao. Wakili wenu alikumbushe hilo mapema.

Kuhusu siku. Hakimu akimaliza kusoma adhabu hutakiwa kumwambia mtu kuwa ana haki ya rufaa na ndani ya muda gani, na mara nyingi linaandikwa mwisho wa hukumu. Usomeni huo mstari leo. Ombeni kwa maandishi nakala ya hukumu na mwenendo wote, mubaki na kopi ya barua yenu iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, manake mkija kuambiwa mmechelewa hiyo kopi ndo itakayoonesha siku zilipotelea wapi. Mdogo wako akiwa ndani ya Chuo cha Mafunzo, yaani jela, anaweza kuipitisha rufaa yake kwa mkuu wa chuo, si lazima angoje mtu wa nje ampelekee. Ikitoka Mahakama ya Mkoa inakwenda Mahakama Kuu, na kwa nyinyi wa Pemba kanda yake iko Chake Chake, hamna haja ya kupanda boti.

SUALI: Mwanangu wa miaka 20 alishitakiwa kwa wizi wa baskeli. Kule mahabusu wenzake walimwambia akikubali hakimu atamhurumia amtoze faini arudi nyumbani. Akakubali. Kapewa mwaka na nusu. Watu wananambia aliyekubali kosa hana rufaa, ni kweli? (Baba, Fuoni)

JIBU: Ni kweli nusu, mzee wangu, na hiyo nusu nyengine ndiyo inayowapita watu wengi.

Aliyekubali kosa mwenyewe haruhusiwi kukata rufaa kupinga kutiwa hatiani, anaruhusiwa kupinga adhabu tu, kama ni kubwa kupita kiasi au si ya kisheria. Hiyo ndo kanuni. Lakini kukubali kwenyewe kuna masharti yake. Shtaka lisomwe kwa lugha anayoifahamu na kila kipande cha kosa aelezwe, maneno aliyojibu yaandikwe kama alivyoyasema, alafu mwendesha mashtaka asimulie kilichotokea na mshtakiwa aulizwe kama maelezo hayo ni ya kweli, na akipinga jambo lolote la maana basi hakimu aandike kuwa kakataa kosa na kesi isikilizwe. Utaratibu huo unatoka kwenye kesi ya Adan ya 1973 na mahakama zetu bado zinaushikilia. Ikiwa kukubali kwake kulikuwa na utata, au alikubali kwa kutofahamu, au shtaka lenyewe halikuonesha kosa lolote, au hata kwa hayo aliyoyakubali mtu hawezi kuwa na hatia, hapo mlango wa kupinga hatia unafunguka.

Kwahiyo mzee wangu nenda kachukue mwenendo wa kesi utazame yameandikwa maneno gani. Kijana akisema "ndio, nliichukua baskeli ila ni ya ami yangu na kila siku naitumia" huyo hajakubali wizi, kakubali kuchukua, na wizi unataka nia ya kumkosesha mwenyewe mali yake bila ya haki. Ikiwa yameandikwa hivyo au yanayofanana na hivyo, mna rufaa ya kupinga hatia. Ikiwa imeandikwa "ni kweli nliiba" na maelezo yote kayakubali, basi pambaneni na adhabu, elezeni kuwa ni kosa lake la kwanza kama ni la kwanza, umri wake, na kuwa alikubali tangu siku ya mwanzo hakuisumbua mahakama, manake kukubali mapema ni sababu ya kupunguziwa na hakimu alitakiwa kuizingatia.

Na wewe unaesoma hapa una kijana yuko mahabusu, tafadhali mfikie kabla hajapandishwa. Ushauri huu wa "kubali upate huruma" unawamaliza vijana wetu na wanaoutoa si wao watakaofungwa.

SUALI: Mtu aliyemdhalilisha binti yangu kaachiwa huru, hakimu kasema umri wa mtoto haukuthibitishwa. Nataka kukata rufaa mie mwenyewe, nimeambiwa siwezi. Vipi siwezi na mtoto ni wangu? (Mama, Makunduchi)

JIBU: Pole sana mama, Mungu akupe subira wewe na binti yako.

Kwenye kesi ya jinai wenye kesi ni wawili, Mkurugenzi wa Mashtaka na mshtakiwa. Wewe na mtoto, pamoja na kuwa nyinyi ndo mlioumia, kisheria mmesimama kama mashahidi. Ndo mana rufaa ya kupinga mtu kuachiwa haikatwi na wewe, inakatwa na Mkurugenzi wa Mashtaka, na yeye anayo haki hiyo kabisa, ya kupinga kuachiwa huru na pia ya kupinga adhabu iliyokuwa ndogo mno. Inauma kuisikia lakini haina maana ukae nyumbani.

Nenda ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka na namba ya kesi, uonane na mwendesha mashtaka aliyeisimamia, na wende haraka kwani na wao siku zao zinahesabiwa. Usiende kulia tu mama, nenda na hoja. Umri wa mtoto hauthibitishwi kwa cheti cha kuzaliwa peke yake, mzazi akipanda kizimbani akasema mwanangu kazaliwa mwaka fulani huo ni ushahidi, na daktari pia anaweza kuusema. Jee wewe ulipotoa ushahidi uliulizwa mtoto ana miaka mingapi na ukajibu? Ikiwa ulijibu na hakimu kalipita hilo, mwambie mwendesha mashtaka kwa mdomo wako, "nilisema tarehe ya kuzaliwa, limo kwenye mwenendo". Ikiwa hawakukuuliza kabisa, hilo ni kosa la uendeshaji na nalo unapaswa kulisema.

Kitu chengine, hakikisha kweli kaachiwa huru. Mara nyingi kesi huwa imeondolewa tu mahakamani na watu nje wanasema kashinda. Kesi iliyoondolewa inaweza kufunguliwa tena bila ya rufaa yoyote. Muulize mwendesha mashtaka suali hilo la mwanzo kabisa.

SUALI: Nimekata rufaa ya hukumu ya kaka yangu, ya kupinga hatia na adhabu. Je anaweza kutoka kwa dhamana wakati tunangoja? Na nimesikia ukikata rufaa unaweza kuongezewa miaka, hofu imeniingia. (Mvuvi, Nungwi)

JIBU: Dhamana ya kungojea rufaa ipo ila ni ngumu kuliko ile ya kabla ya hukumu. Kabla ya hukumu mtu anahesabiwa hana hatia, baada ya hukumu hesabu imegeuka, kwahiyo mahakama inataka sababu zisizo za kawaida, mfano rufaa inayoonekana wazi itashinda, au adhabu fupi ambayo mtu ataimaliza kabla rufaa haijasikilizwa. Maradhi au familia kubwa peke yake kwa kawaida hazitoshi. Omba, lakini msiweke matumaini yote hapo.

La kuongezewa ni kweli linawezekana, mahakama ya rufaa ina uwezo wa kuiongeza adhabu, hasa ikiwa aliyopewa ni chini ya kile kiwango sheria inachotaka. Ila haiwezi kumshtukiza, lazima aambiwe kwanza na apewe nafasi ya kujibu. Chukua hukumu, mpe wakili atazame kifungu cha adhabu. Kama adhabu aliyopewa ni ya chini kuliko sheria inavyosema, basi hapo kweli fikirini mara mbili ile sehemu ya adhabu, mngangane na hatia tu, na hata hivyo hatari haiondoki yote. Kama iko sawa na kifungu, kata rufaa yako bila ya hofu.

SUALI: Mume wangu rufaa yake imeshindwa Mahakama Kuu mwezi wa juzi. Ndo mwisho? Mbona Babu Seya alitoka? (Chake Chake)

JIBU: Si mwisho. Kutoka Mahakama Kuu ya Zanzibar kesi za jinai zinakwenda Mahakama ya Rufani ya Tanzania, ambayo huja kufanya vikao vyake huku kwetu, na inakaa na majaji watatu. Taarifa ya kusudio la rufaa inatakiwa ndani ya siku 30 tangu hukumu ya Mahakama Kuu, inapelekwa kwa Mrajis wa Mahakama Kuu, na mumeo akiwa ndani anajaza fomu anamkabidhi mkuu wa Chuo cha Mafunzo, inahesabika kaiwasilisha. Umesema mwezi wa juzi, basi yawezekana siku zimeshapita. Zikipita unaomba kuongezewa muda, na kwenye kiapo uzielezee siku zote ulizochelewa zilikwendaje, usiseme tu "nlikuwa naumwa", weka karatasi ya hospitali, au barua ya kuomba nakala na tarehe uliyoipata.

Rufaa hii ya pili ina sura nyengine. Majaji wanatazama zaidi sheria, na mambo ya nani alisema kweli ambayo mahakama mbili zimeshakubaliana hawayagusi isipokuwa wakiona ushahidi ulifahamika vibaya kabisa. Na hoja ya ushahidi ambayo mumeo hakuitaja Mahakama Kuu, kwa kawaida hawaisikilizi, hoja za sheria ndo zinazopita hata zikiwa mpya. Kwahiyo msinakili ile rufaa ya mwanzo neno kwa neno mkaipeleka juu kama ilivyo, naona watu wengi wanafanya hivyo na inasikitisha.

Habari ya Babu Seya, yule mwanamuziki, inafaa uijue vizuri manake inapita karibu kila ngazi. Yeye na wanawe watatu walihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2004 Dar es Salaam kwa makosa ya kubaka watoto. Mahakama Kuu ikaikataa rufaa yao 2005. Mahakama ya Rufani mwaka 2010 ikawaachia wanawe wawili, yeye na mwanawe Papii Kocha hatia ikabaki. Wakaiomba Mahakama ya Rufani yenyewe iipitie tena hukumu yake, ikakataa 2013. Kupitia huko si rufaa ya tatu, kunaombwa ndani ya siku 60 na kwa sababu chache sana, kama kosa la wazi kwenye hukumu lililoharibu haki, au mtu kunyimwa nafasi ya kusikilizwa, au hukumu iliyopatikana kwa udanganyifu. Kilichowatoa Disemba 2017 ni msamaha wa Rais Magufuli, na msamaha haufuti hatia, unaondoa adhabu. Kwa aliyefungwa kwa sheria za Zanzibar mwenye uwezo wa kusamehe ni Rais wa Zanzibar. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu Arusha ilikuja kusema Machi 2018 kuwa baadhi ya haki zao za kesi ya haki zilivunjwa, lakini njia hiyo leo mtu binafsi wa Tanzania hawezi kuiendea moja kwa moja, Serikali iliondoa tamko lake la kuruhusu hilo mwaka 2019 na kuondoa huko kukaanza kufanya kazi 2020.

Kuhusu pesa za wakili, ambazo umeziuliza mwisho wa barua, Zanzibar ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2018, unaweza kwenda Idara ya Katiba na Msaada wa Kisheria, au Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar ambacho kina ofisi hapo hapo Chake Chake, au kuanza kwa msaidizi wa sheria wa shehia yako akuelekeze. Nenda na hukumu zote mbili, ya Mahakama ya Mkoa na ya Mahakama Kuu, mwenendo wa kesi, ile rufaa iliyoshindwa, na shtaka lenyewe la mwanzo. Kama kuna ukurasa umepotea usiende bila yake, kaombe mwengine kwanza mahakamani.